Vitabu Tulivyosikiliza na Baba

Tangu presha ya macho ilipomnyima baba yangu kusoma, vitabu nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, huingia kwa masikio. Baba alifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za sekondari hadi akastaafu, na mpaka leo mtaani hawamwiti kwa jina. Ni Mwalimu tu. Ugonjwa ulianza kumnyang'anya pembeni, kama ilivyo desturi yake. Akawa anaona katikati ya ukurasa, baadaye maneno mawili matatu, mwishowe weupe wa karatasi basi. Hakulalamikia kushikwa mkono wala kutengewa chakula. Alisema, "Mwanangu, njia nitaonyeshwa. Kitabu nitaonyeshwa na nani?"

Mwanzo nilimsomea mwenyewe. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule, na kusoma kwa sauti si kazi ngeni kwangu, lakini jioni za mtu mwenye ajira na watoto ni fupi. Ndipo tukaingia kwenye vitabu vya kusikiliza. Navipakua ofisini, maana bando la nyumbani halitoshi, naviweka kwenye simu, na baada ya Alasiri spika ndogo inakaa juu ya kigoda barazani. Baba yuko kwenye kiti chake cha uvivu, mama karibu yake na ukili wake wa kusuka. Tumeshapitia vya kila aina: upelelezi, maisha ya watu, hadithi za anga za juu, hata utenzi wa Wagiriki wa kale. Hapa nitaeleza vile vilivyotupa raha zaidi karibuni, na kimoja kilichotushinda. Kila kimoja kimenizidishia imani moja: anayekisoma kitabu kwa sauti anakiandika mara ya pili, na akikosea, jina kubwa la mwandishi halimwokoi.

Kilichomteka baba kwanza ni The No. 1 Ladies' Detective Agency cha Alexander McCall Smith, kilichotoka 1998. McCall Smith ni Mskoti aliyezaliwa Bulawayo, na alisaidia kuanzisha masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana, kwa hiyo nchi anayoisimulia aliikalia. Mma Precious Ramotswe anarithi ng'ombe wa baba yake, anawauza, na fedha zake anazifungulia ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale, Gaborone. Kesi zenyewe ni za mtaani. Mwanamke mmoja ametembelewa na mzee anayedai kuwa ndiye baba yake aliyepotea miaka mingi, amehamia, anakula na kulala, na mwenye nyumba ameanza kutilia shaka. Hakuna bastola wala kukimbizana kwa magari. Kuna chai, kuna kiti cha mgeni, kuna mwanamke mwenye akili anayejua watu.

Msomaji ni Lisette Lecat, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hana haraka. Majina ya Kitswana yanamtoka kama ya watu anaowajua, na salamu anazisoma zote mpaka mwisho. Hilo ndilo lililomfurahisha baba kuliko kesi zenyewe, kwa sababu katika Botswana ile, sawasawa na Tanga yetu, mtu hafungui shida yake kabla salamu hazijaisha, na msomaji asiyelijua hilo angezipita mbio ili afike kwenye "hadithi". Salamu ndiyo hadithi. Ndani yake Mma Ramotswe ameshajua kama mtu amelala vizuri, kama ana deni, kama anaogopa.

Kuna sura ambayo mwandishi anamwachia Obed Ramotswe, baba wa mpelelezi, aeleze kwa kinywa chake miaka aliyotumikia migodini Afrika Kusini na vumbi lililomwozesha mapafu. Baba alinyoosha mkono kuashiria nisimamishe. Akaanza kunieleza habari za babu, aliyekuja Muheza kutoka bara akiwa manamba wa mashamba ya mkonge, akafanya kazi kiwandani kwenye vumbi la katani, akakohoa mpaka alipofariki. Nilijua kwamba babu alikuwa manamba. Habari za kukohoa sikuwa nimezisikia hata siku moja. Baba alisimulia mpaka Magharibi ikaadhiniwa, na jioni ile hatukurudi kwenye kitabu.

Tangu hapo nashauri yeyote anayeniuliza: kama una mzee nyumbani, usimpe vitabu hivi na kumwachia visikio. Kaa naye. Kitabu cha kusikiliza kina jambo ambalo cha kusoma hakina, nalo ni kwamba watu wawili wanalifikia neno moja kwa wakati mmoja, na anayeguswa anaweza kunyoosha mkono.

Baba akataka upelelezi zaidi, nikaleta The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, cha 1926, kinachosomwa na Hugh Fraser, mwigizaji aliyekuwa Kapteni Hastings katika tamthilia ya Poirot ya televisheni. Kitabu hiki kina heshima yake katika historia ya wasioona. Novemba 1935, taasisi ya taifa ya vipofu ya Uingereza ilipoanza kuwapelekea watu vitabu vilivyorekodiwa kwenye santuri, hiki kilikuwa kimoja kati ya viwili vya mwanzo. Cha pili kilikuwa Typhoon cha Joseph Conrad. Mpango ule ulisukumwa na Ian Fraser, ofisa wa jeshi aliyepofuka kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916, na walengwa wake wa kwanza walikuwa askari waliorudi bila macho kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wao walikuwa watu wazima ambao vidole vyao vilishindwa kuzoea Breli. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 25 hivi, kwa hiyo riwaya moja ilifika kwa posta ikiwa sanduku zima la santuri.

Nilimweleza baba haya kabla ya kuanza. Alitulia, kisha akasema, "Kumbe foleni hii ni ndefu, na mimi nimeingia mwishoni." Nilimwona amefarijika. Alikuwa amejiona peke yake.

Hadithi inasimuliwa na Daktari Sheppard wa kijiji cha King's Abbot, jirani mpya wa Hercule Poirot aliyestaafu na kujitia kwenye kilimo cha maboga. Tajiri wa kijiji anakutwa amechomwa kisu chumbani mwake. Zaidi ya hapo sisemi, maana mwisho wake ni mojawapo ya miisho iliyobishaniwa sana katika riwaya za upelelezi. Ninalolisifia ni namna Hugh Fraser anavyosoma: hamsaidii msikilizaji wala hampotoshi. Sauti ya daktari ni ileile, ya mtu mpole, mwenye heshima, anayeeleza mambo kwa mpangilio. Kitabu kilipoisha baba aliomba tukianze upya siku ileile, na mara ya pili tukawa tunasikia mambo yaliyokuwa wazi tangu mwanzo. Msomaji wa karatasi anaweza kuchungulia kurasa za mwisho. Msikilizaji hana pa kuchungulia; anakwenda kwa mwendo wa msimulizi na anapaswa kumwamini, na kitabu hiki chote kimejengwa juu ya imani hiyo. Ndiyo maana nasema kinafaa zaidi kusikilizwa kuliko kusomwa.

Kisha tukahamia kwenye maisha ya watu. Born a Crime cha Trevor Noah, cha 2016, kinasomwa na Noah mwenyewe. Alizaliwa Johannesburg 1984, mama Mxhosa na baba Mswisi, wakati sheria ya kuharamisha mahusiano ya Mzungu na Mwafrika ikiwa bado na nguvu. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa, na ndipo jina la kitabu lilipotoka. Utotoni mama yake hakuweza kutembea naye barabarani kama mtoto wake.

Nilikuwa nimekisoma kwenye karatasi miaka ya nyuma na nikakipenda. Kukisikia ni jambo jingine kabisa. Noah anaruka kutoka Kiingereza kwenda Kixhosa, Kizulu, Kitswana na Kiafrikaans, na kila lugha inakuja na mwili wake, na namna yake ya kukasirika, kubembeleza na kutisha. Anaeleza jinsi lugha zilivyomwokoa mikononi mwa watu waliotaka kumwibia, na unaamini, kwa sababu zinafanya kazi hiyohiyo masikioni mwako. Mama yake, Patricia, mcha Mungu anayempeleka mtoto makanisa matatu kila Jumapili na anayemrusha kutoka kwenye kipanya kinachotembea ili kumwokoa na dereva mwenye nia mbaya, ndiye moyo wa kitabu. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, alimwelewa Patricia bila kufasiriwa. Alikuwa akiacha kusuka kila sauti yake inapoingia.

Noah ni mchekeshaji, na zipo sura ambazo naona anakimbilia kicheko mapema mno, hasa zile za ujana wake wa kuuza CD. Lakini sura ya mwisho haina hata chembe ya hilo. Mwaka 2009 baba yake wa kambo alimpiga mama yake risasi ya kichwa, na mama akapona. Huyu mtu aliyetuchekesha kwa saa nyingi anafika pale na kusoma kwa utulivu, neno baada ya neno. Baba alisema, "Zima kwanza." Tulikunywa maji, tukaendelea. Kisha Patricia, akiwa kitandani hospitalini, anamtania mwanawe kuhusu sura yake iliyoharibika, nasi barazani tukacheka huku machozi yanatutoka.

Si kila mwandishi anafaa kusoma kitabu chake. Nimesikia waandishi wakubwa wakisoma maisha yao kana kwamba wanasoma taarifa ya mkutano. Noah anafaa kwa sababu kabla hajaandika alikuwa msimulizi wa jukwaani, na kwa sababu hakuna mwingine mwenye lugha zote zile kinywani.

Kilichotushinda ni Lincoln in the Bardo cha George Saunders. Nasema kwa heshima, maana kilipata tuzo ya Booker 2017, na rekodi yake, yenye sauti za watu 166, ilipewa tuzo ya kitabu bora cha sauti Marekani mwaka uliofuata. Willie, mtoto wa Rais Abraham Lincoln, alifariki Februari 1862 akiwa na miaka 11, na riwaya inakaa makaburini usiku mmoja na mizimu isiyokubali kwamba imekufa. Huzuni ya baba anayerudi kaburini kwa mwanawe inakata maini. Lakini sauti zinapokezana sentensi kwa sentensi, na katikati yake kuna madondoo ya kihistoria yanayotajwa pamoja na majina ya vyanzo vyake, na asiyeweza kuona ukurasa anabaki hajui ameshika wapi. Baba aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Hawa wote wanasema. Nani ananisimulia mimi?" Mwenye macho na akifuate na karatasi mkononi, atafurahi.

Sasa nije kwenye kile ambacho baba anakizungumzia kwa kila mgeni. Project Hail Mary cha Andy Weir kilitoka 2021, msomaji ni Ray Porter, nacho kilishinda tuzo ileile ya kitabu bora cha sauti mwaka 2022. Nilikichukua kwa ajili ya mwanangu mkubwa anayependa sayansi. Baba alisikia dakika kumi za mwanzo kwa mbali na akaamuru spika irudi barazani.

Mtu anazinduka ndani ya chombo cha anga akiwa peke yake, wenzake wawili wamekufa vitandani, na hakumbuki hata jina lake. Anaanza kupima. Anadondosha vitu, anahesabu sekunde, anapiga hesabu ya nguvu ya uvutano, na jibu linamwambia kwamba hayuko duniani. Kumbukumbu zinamrudia kidogokidogo: Jua linafifia kwa sababu ya vijidudu vinavyofyonza nguvu zake, dunia itaganda, na yeye ametumwa kwenye nyota moja ambayo haijadhurika atafute sababu. Naye si mwanajeshi wala bingwa wa safari za anga. Ni mwalimu wa sayansi wa shule. Baba alipolisikia hilo alipiga goti lake. "Mwalimu!"

Huko mbali anakutana na chombo kingine, na ndani yake yumo kiumbe wa sayari nyingine anayempa jina la Rocky, mwenye miguu mitano na gamba kama jiwe. Rocky hana macho. Sayari yake imefunikwa na hewa nzito kiasi kwamba mwanga haufiki chini, kwa hiyo viumbe wa huko hawakuwahi kuwa na haja ya kuona. Wanaujua ulimwengu kwa sauti: umbo la chumba, umbali wa ukuta, kilichomo ndani ya kisanduku kilichofungwa. Wamejenga miji, wametengeneza vitu ambavyo sisi hatuna, wamesafiri kati ya nyota. Na huyu Rocky ni fundi kupita binadamu yeyote aliye kwenye kitabu.

Lugha yake ni muziki. Kwenye karatasi mwandishi alilazimika kuweka alama za noti. Kwenye rekodi noti zenyewe zinalia, na Porter anaisoma tafsiri juu yake, mpaka baada ya muda unahisi umeanza kuzielewa bila tafsiri. Hii ni rekodi ninayoweza kusema imekizidi kitabu chake.

Lakini kilichotokea barazani kwetu hakikuwa habari ya ufundi wa studio. Baba aliinuka kwenye kiti cha uvivu, akakaa wima. Alisema, "Huyu hajapofuka. Kwao hakuna kipofu." Akanyamaza, akasikiliza tena. Baada ya siku chache niligundua kwamba amebadilisha namna anavyotembea ndani ya nyumba. Alianza kupiga ulimi akiingia chumbani, kusikia kama mlango uko wazi au umefungwa. Aliomba mikeka ihamishwe kwenye ukumbi ili asikie nyayo zake vizuri. Alijifunza kututambua sote kwa mwendo, na alipokosea alitaka tupite tena. Sidai kwamba kitabu kilimpa macho. Nasema alikuwa amejifundisha kwa muda mrefu kuwa mtu mwenye upungufu, na hadithi moja ya kubuni ikampa mfano wa kiumbe ambaye kutokuona kwake si upungufu wa chochote, ila ni namna nyingine ya kujua. Mimi binti yake nilimwambia maneno ya faraja kwa miaka, na hayakufanya kazi hiyo.

Kuna desturi ya kina Rocky ambayo mama aliipenda. Kwao hakuna anayelala bila kulindwa. Wakati mmoja amelala, mwingine hukaa macho akimwangalia. Rocky anasisitiza kumlinda mwalimu usingizini, na mwalimu mwanzoni anaona ajabu. Nilipomfasiria mama alisema, "Huyo amelelewa." Mama mwenyewe hukaa na ukili wake kando ya kile kiti cha uvivu kila baba anaposinzia mchana, tangu nuru ilipoisha.

Sitaficha kasoro. Sehemu zinazosimulia yaliyotokea duniani kabla ya safari zina watu wepesi, wanaozungumza kwa namna moja karibu wote, na hesabu nyingine ni ngumu kuzishika kwa sikio peke yake. Baba alizipenda hesabu pia. Alizirudia kichwani usiku.

Baada ya anga za juu tukarudi nyuma miaka elfu mbili na mia kadhaa, kwenye Odyssey ya Homer katika tafsiri ya Kiingereza ya Emily Wilson iliyochapishwa 2017, ikisomwa na mwigizaji Claire Danes. Wilson aliipa tafsiri yake mizani ya kudumu na idadi ileile ya mistari iliyomo kwenye Kigiriki, na hilo linasikika: kuna mwendo chini ya maneno, na mtu aliyelelewa na tenzi anautambua haraka. Danes anasoma kwa upole, pengine kwa upole uliopitiliza kwenye mapigano ya mwisho ambapo ningetaka ukali. Tuliisikiliza kwa vipande vifupi, kitabu kimoja kila jioni kati ya vitabu vyake 24, na ndivyo inavyofaa.

Katika kitabu cha nane yumo Demodocus, mshairi kipofu wa mfalme. Mpambe anamwongoza kwa mkono hadi katikati ya ukumbi, anamwekea kiti kilichopambwa kwa fedha karibu na nguzo, anakitundika kinubi chake kwenye msumari juu ya kichwa chake na kumwonyesha mkono ufike wapi akichukue, kisha anamtengea chakula na divai. Anapoimba, Odysseus, shujaa aliyeteketeza mji wa Troy, anajifunika uso kwa joho na kulia. Baba aliniomba nirudie pale pa kinubi na msumari. Alisema hajawahi kusikia adabu ya kumhudumia asiyeona ikiandikwa vizuri hivyo: huletewi kitu mkononi, unaonyeshwa kilipo, ukakichukue mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikuwa akighani Utendi wa Mwana Kupona wakati mama anachemsha chai. Aliupata kwa bibi yake wa Pangani, kwa sauti, akiwa mtoto asiyejua kusoma. Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwachia binti yake wasia, na ulienea pwani nzima kwa kughaniwa ndani ya nyumba muda mrefu kabla haujachapwa. Baba alizikumbuka beti nyingi kuliko nilivyotegemea. Mahadhi ndiyo yaliyozibeba.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Fasihi yetu ilikaa kinywani kabla ya kukaa kwenye karatasi. Kizazi changu kililelewa na Radio Tanzania; tulikaa kimya kwa ajili ya Mama Deborah Mwenda katika Mama na Mwana, tukacheka na Pwagu na Pwaguzi, na hakuna aliyetuambia kwamba kusikiliza ni kazi ya asiyejua kusoma. Leo ukitaka kumpa mzee wako Shaaban Robert, Kezilahabi au Said Ahmed Mohamed wakisomwa vizuri, kitabu kizima, kwa sauti ya mtu aliyeandaliwa, utatafuta mpaka uchoke. Simulizi za sauti zipo tele mtandaoni, na baadhi ya wasimulizi wana vipaji vya kweli. Lakini mara nyingi muziki unaizidi sauti, hadithi inakatwa penye utamu, na jina la mwandishi halitajwi, achilia mbali kulipwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimejiunga nao, unafungua mlango wa vitabu kugeuzwa Breli au sauti kwa ajili ya wasioona bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki. Mlango uko wazi. Wachapishaji na maktaba zetu wanaweza kuupita kesho wakiamua, na ninawasihi waamue, kwa sababu kila mwaka wanaojua mahadhi wanapungua.

Sisi tumeanza na tulichonacho. Nimechukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota 2022, na ninamrekodia baba kwa simu, sura kwa sura, ndani ya chumba cha kulala ambako magodoro na nguo zinameza mwangwi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz kufidia deni la baba yake. Baba amekuwa mwalimu wangu upya. Nilipomsoma Ami Aziz kwa sauti nzito ya kutisha alinikatiza: "Huyu hapigi kelele, ana mali. Msome taratibu, kwa adabu. Hapo ndipo anapoogopesha." Alikuwa sahihi, na sura yote nikairudia. Sasa naweka alama za kalamu ya risasi mahali pa kuvuta pumzi, na nasoma kila ukurasa kimya kwanza kabla ya kuusoma kwa sauti. Khalil wa dukani, mwenye maneno mengi na mizaha, nimempa mpwa wangu wa kidato cha nne, na anamweza.

Kitakachofuata ni Kusadikika cha Shaaban Robert, na ubishi umeshaanza. Baba alikifundisha miaka na miaka, na anasema Karama, mshitakiwa anayejitetea mbele ya mfalme, atamsoma yeye mwenyewe. Mpwa wangu atamnong'onezea mistari pale kumbukumbu itakapokatika. Mama anadai Majivuno, mshitaki wa Karama, asipewe mtu wa familia. Tumemwomba jirani yetu, mwadhini wa msikiti wa mtaani, mwenye sauti inayofika hadi barabara kuu. Amekubali kwa sharti kwamba apewe kitabu wiki nzima kabla, akisome kwanza. Baba akamwambia, "Shehe, chukua mbili."

Tunaanza Jumamosi, watoto wakishatoka madrasa.